Mimi sekretere wa klabu ya boti Bukavu, na kuogelea sijui

Kama uko mu chama ama klabu yoyote yenye parseli kando ya ziwa, iwe Bukavu, Goma, Kalemie ama Idjwi, na siku moja wakuje kukuambia "Mama, weye unaandika muzuri, utakuwa sekretere wetu", usiitike mpaka wakuonyeshe karatasi ziko wapi. Si wakuambie tu, wakuonyeshe kwa macho. Mimi nilijua naenda kuandika PV, zile kumbukumbu za mkutano, na kukumbusha watu kotizasio, mchango wa kila membre, kwa simu, kumbe naenda kuchimba historia ya klabu toka wakati wa Wabelgiji, juu bila ile historia tungefukuzwa pale kama wapangaji. Jina la klabu sitaji, watu wa Bukavu watajijulia wenyewe na wengine jina haliwasaidii kitu.

Ni klabu ndogo ya watu binafsi. Hangari moja, pontoni ya mbao, baa ya malata, mteremko wa sima (saruji) wa kushushia boti, na boti zenyewe nusu ndizo zinaelea, nusu zinangoja poliesta na pesa. Kwenye foto za intaneti ukiona klabu za yoti za Ulaya unaona watu wamevaa nyeupe na boti zenye vyumba vya kulala. Kwetu hapana. Kwetu Jumapili unakuta daktari, mfanyabiashara wa madawa, profesa wa ISP, chuo cha walimu, padri mmoja asiyekosa, mama wawili watatu na sufuria zao, watoto wengi, makala (makaa) inawaka, brosheti za nyama na sambaza, vile visamaki vidogo, za kukaanga, na mzee mmoja anayesema kila wiki kama atatengeneza boti yake wiki inayokuja.

Nilifika pale juu ya watoto. Mkubwa wangu alikuwa anaangalia Optimist kutoka barabarani mpaka anachelewa kurudi nyumbani. Optimist ni kale kaboti ka mtoto kenye pua iliyokatwa bapa, urefu mita 2.3, tanga moja tu, Mmarekani Clark Mills ndiye alikachora mwaka 1947 kule Florida ili mzazi aweze kukajenga kwa tripleksi (plywood) bila kufilisika. Pale klabu walikuwa nazo chache, moja tu yenye tanga zima. Nikauliza inagharimu kiasi gani mtoto kujifunza, wakaniambia mtoto hawezi peke yake, lazima familia iingie, na familia haiingii bila maparrain, wadhamini, wawili wanaoijua.

Hapa niseme wazi mambo ya pesa juu watu wengi wanaona aibu kuuliza. Kwetu kuingia ilikuwa dola 100 mara moja, halafu dola 15 kila mwezi kwa nyumba nzima, na ukiwa na boti yako unalipa nafasi ya hangari kando. Hiyo ni pesa unayoiona. Ile usiyoiona ndiyo inauma: jile za watoto (zile koti za kuelea majini), kamba, esansi (petroli) ya boti ya kuwasindikiza watoto (bila boti ya moteri nyuma yao hakuna mtoto anayetoka, hiyo haijadiliwi), michango ya matanga na ndoa za membre, na bili ya baa. Bili ya baa nitarudi kuizungumzia. Mzazi anayetaka kuingiza mtoto achukue ile kotizasio aizidishe mara mbili, hapo atakuwa karibu na ukweli.

Miaka ya kwanza ilikuwa raha tupu. Mume wangu haendi kwenye maji hata umlipe, yeye alikuwa anakaa chini ya ule mti wa avoka (parachichi) na gazeti. Mimi sijui kuogelea mpaka leo, lakini nilijifunza kusoma mupepo kwa kuangalia tu. Asubuhi ziwa limelala, mchana upepo unatoka ziwani unakuja nchi kavu, usiku unageuka unatoka milimani unashuka. Kiangazi, Juni mpaka Agosti, upepo wa kusini-mashariki unakaza na ndio wakati mzuri wa regata, mashindano ya boti. Mvua zikianza Septemba, saa nane saa tisa mchana mawingu yanajikusanya juu ya kisiwa cha Idjwi, na hapo mtu mwenye akili anarudi pontoni bila kungoja filimbi. Ziwa letu la Kivu si la mchezo, kina chake kinafika karibu mita 480, na chini kule limejaa gesi. Juu linavutia, halina mamba, halina kiboko, ndiyo maana watu wanalidharau.

Basi wakanichagua. Kuchaguliwa kwenyewe kulikuwa dakika kumi kati ya brosheti na hesabu ya baa, watu wakapiga makofi, sekretere wa zamani akaniletea kartoni ya maziwa ya unga akasema "archives ndiyo hizi". Ndani mlikuwa risiti za esansi, barua za harusi, liste tatu za membre zisizofanana, na kopi ya kontra (mkataba) ya ardhi iliyofutika katikati pale penyewe panapotakiwa kusomeka. Nikaweka juu ya kabati. Miezi michache tukapata barua, jirani mpya amenunua parseli ya kando, na kwenye mchoro wake ile sehemu ya bustani na karibu nusu ya mteremko wetu wa boti ni vyake.

Tulipoenda kwenye ofisi inayohusika, swali la kwanza halikuwa juu ya jirani. Lilikuwa: ninyi ni nani? Klabu iko na statuti (katiba) gani, iliundwa lini, nani alipewa ile ardhi, na kontra iliisha mwaka gani? Prezida wetu akaanza kueleza kama klabu ni ya zamani sana, kila mtu anaijua. Yule bwana akasema "Papa, kila mutu haiko dokima."

Nieleze sheria kidogo vile nilivyoielewa kwa kuteseka. Kwa sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 udongo wote ni wa serikali, wewe unapewa haki ya kuutumia tu. Mkongomani mwenyewe, mtu wa nyama na damu, anaweza kupata konsesio ya daima. Chama hakiwezi. Chama, klabu, kampuni, hao wote wanapata konsesio ya kawaida, miaka 25 kwa wingi, halafu inafanywa upya. Sasa fikiria klabu iliyopata kontra zamani, vita ikapita, komite zikabadilika, nani atakumbuka tarehe ya kufanya upya? Na kuna neno lingine la hatari zaidi: mtu akishapata sertifika juu ya ile ardhi na miaka 2 ikapita, kumnyang'anya inakuwa karibu haiwezekani, utabaki kuomba fidia tu. Kwa hiyo anayekuambia "tungoje tuone" anakupoteza. Wakili wetu alituambia hivyo siku ya kwanza na ndiyo pesa pekee niliyotoa bila kunung'unika.

Upande wa chama ni sheria nyingine, ile ya Julai 2001 juu ya asosiasio zisizotafuta faida. Statuti zinapita kwa notere, kuna avi (maoni) ya wizara inayohusika na kazi yenu, halafu Wizara ya Haki Kinshasa ndiyo inatoa utu wa kisheria. Sisi tulikuwa na statuti za wakati wa Zaire, zilizotaja nchi isiyokuwepo. Hakuna aliyeona shida miaka yote ile juu baa ilikuwa inafanya kazi.

Hapo ndipo nikatoa kartoni juu ya kabati nikaanza kazi yenyewe.

Nilianza kwa membre wakubwa, na nataka nikuokolee muda: usianze kwao. Watakupa hadithi tamu za regata za zamani, nani alipinduka, nani alioa binti ya nani, lakini tarehe hawana. Kila mmoja alinihakikishia kama klabu iliundwa na rafiki ya baba yake. Walio na karatasi ni wengine kabisa. Kwetu walikuwa watatu: sentineli (mlinzi), fundi wa boti, na mjane wa prezida mmoja wa zamani. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa kwenye liste ya membre.

Mzee sentineli nilimkuta amekaa pale anaposhinda, mbele ya hangari. Nikamwuliza kama anajua kitu juu ya vitabu vya zamani. Akaniangalia sana. "Mama, muko natafuta historia, na mimi niko natafuta mushahara ya mwezi tano." Nilinyamaza. Nikaenda kwa trezorie, mtunza pesa wetu, tukagombana kweli kweli, akasema sanduku la pesa ni tupu, nikamwambia tuuze ile moteri iliyokufa basi. Tukauza. Mzee akalipwa yote, na wiki iliyofuata akakuja nyumbani kwangu na fuko la mahindi, ndani rejista ya klabu na mafunguo yenye kutu. Oktoba 1996, vita ilipoingia mji, yeye alikuwa amebeba vile vitu mpaka Walungu kwa miguu, akarudi navyo, na toka siku ile hakuna komite iliyomwuliza. Alikuwa ameviweka chini ya kitanda. Ukweli nililia, si kwa uzuri wa jambo, nililia kwa aibu ya klabu.

Ile rejista ilikuwa ya Kifaransa cha mkono wa wazungu, kurasa za kwanza zimeandikwa Costermansville. Jina la mji lenyewe linakupa umri: Bukavu ilirudishiwa jina lake katika miaka ya 1950, kwa hiyo barua yenye Costermansville juu yake ni ya kabla. Nilijifunza kusoma karatasi kwa njia hiyo. Ukiona Zaire kama nchi, ni kati ya Oktoba 1971 na Mei 1997. Ukiona bei kwa zaire kama pesa, ni baada ya 1967, na kama ni "nouveau zaïre" ni toka 1993. Foto yenye wanaume wa abakosti, ile suti bila tai, unajua ni wakati wa Mobutu. Na kuna hii niliyofundishwa na fundi wa boti: foto moja iliandikwa nyuma eti 1952, yeye akacheka akanionyesha mbali nyuma mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, ile ya wavuvi wa usiku na taa. "Mu 1952 sambaza haikukuwa mu hii lac, walikuwa bavuwa nini na ile mataa?" Kweli, sambaza walitolewa Tanganyika wakawekwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na uvuvi wa taa ukaja nyuma yake. Foto tukaipa tarehe nyingine, na ilikuwa muhimu juu mule ndani mteremko wetu unaonekana mzima.

Kile rejista inasema kinauma pia na nimekiandika vilevile. Mwanzoni ilikuwa klabu ya wazungu tu. Wakongomani wanaonekana kwenye ukurasa wa mishahara, jina moja tu bila la baba, "boy-bateau", boi wa boti. Baada ya 1960 majina yanaanza kuchanganyika kidogo. 1967 kurasa ziko tupu, huo ndio mwaka mamluki wa yule Mbelgiji Schramme waliushika mji toka Agosti mpaka Novemba. Halafu Novemba 1973, zairianizasio, mali za wageni zikapewa wenyeji, na ukurasa unaofuata ni mwandiko mwingine, wino mwingine, prezida Mkongomani wa kwanza. Wengine kwenye komite walitaka nipunguze ile sehemu ya wazungu, eti inaleta haya. Nilikataa. Kama tunadai mahali ni petu toka zamani, hatuwezi kuchagua zamani gani.

Mjane wa yule prezida anakaa Muhumba, mama mzee, anatembea na fimbo. Nilienda kwake na sukari na sabuni kama heshima inavyotaka, na sikuuliza kitu siku ya kwanza. Nakushauri hivyo hivyo. Mama wa umri ule ukimfikia na kalamu mkononi anaona kama umetumwa na watu wa kodi. Siku ya pili yeye mwenyewe ndiye aliniambia, "Mwanangu, bwana yangu aliniachia malata ya maziwa, ndani karatasi, nilikataa batoto bawashe nazo makala." Ndani ya lile kopo mlikuwa kontra yenyewe, orijinali, na mchoro wa kadasta wenye namba za mawe ya mpaka, na risiti za kodi ya ardhi. Miaka yote ile klabu imetembea na kopi iliyofutika na orijinali iko kilomita mbili kutoka pontoni. Nikamwuliza kwa nini hakutuletea. Akasema tulipomzika bwana yake klabu ilituma shada la maua la plastiki, na baada ya hapo hakuna aliyepita kumsalimu. Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo ushauri: matanga ya membre wenu yafuateni mpaka mwisho. Nenda baada ya wiki, baada ya mwezi. Ni utu kwanza, na pia, niseme bila kuzunguka, ndipo karatasi ziko.

Fundi ndiye alileta vita ndani ya komite. Yule mzee amerekebisha kila boti pale, anajua ipi ilikuja na treni, ipi ilijengwa hapa, anajua mawe ya mpaka ya parseli yako wapi juu alikuwepo walipomwaga sima. Nikapendekeza awe membre, bila dola 100. Kelele! Wengine wakasema klabu ni ya watu wanaolipa, kesho mutaingiza mpaka wauza makala. Nikasoma kidogo kuhusu klabu za wenzetu ili nipate cha kuwajibu, na nilichokipata ni kichekesho. Klabu inayohesabiwa ya zamani kuliko zote au karibu, ile ya Cork kule Ireland, ya mwaka 1720, katiba yake ya kwanza ilishughulika sana na chakula na pombe: mwenye kuwakaribisha wenzake asilete zaidi ya sahani mbili za nyama, na divai isizidi dazeni mbili za chupa. Kumbe bili ya baa ni ugonjwa wa miaka mia tatu. Na Thomas Lipton, huyu huyu wa majani ya chai tunayokunywa kila asubuhi, alikuwa tajiri kabisa, alishindania kombe la America's Cup mara 5 kati ya 1899 na 1930, lakini klabu kubwa ya Uingereza, Royal Yacht Squadron, ilimfungia mlango miaka na miaka juu alikuwa mwenye duka. Walimkubali 1931 na mwaka ule ule akafa. Nikawaambia basi na sisi tungoje fundi afe ndio tumpe kadi. Mkutano ukacheka, kura ikapita kwa taabu, watu wawili wakatoka. Mmoja alirudi baadaye kwa sababu ya brosheti.

Siku wapimaji walipokuja uwanjani ndipo ilionekana faida. Jirani alikuja na wakili na mchoro mpya wa rangi. Sisi tulikuwa na orijinali ya mjane, rejista ya sentineli, foto, na fundi mwenye jembe. Akahesabu hatua kutoka kona ya hangari akachimba, jiwe la kwanza la mpaka likaonekana na namba yake, akaenda upande wa mti wa avoka, la pili. La tatu lilikuwa ndani ya maji sasa, chini ya matope na chupa za plastiki, hizi chupa zetu zinazoteremka na mvua toka mtaa wa Kadutu mpaka zinaenda kuziba turbini za bwawa la Ruzizi. Kijana mmoja akazama akaligusa kwa mkono. Namba zikalingana na mchoro wetu.

Usifikiri tulishinda yote. Kontra yetu ilikuwa imeisha kweli, na kwa hilo hatukuwa na la kusema. Tulikubaliana: mteremko na hangari vimebaki vyetu kwa kontra mpya, bustani nusu imekwenda, mti wa avoka umebaki upande wa jirani. Mume wangu mpaka leo anasema nilimuuzia kivuli. Pesa zilizotoka, ukiweka wakili, notere, wapimaji, kopi, foto, zilipita dola 2,000, na sehemu yake haina risiti. Unajua vile: "esansi ya pikipiki", "kitu kidogo ya karatasi", mtu hafungui drowa bila. Nilikuwa naandika kila senti kwenye kayee (daftari) yangu na maelezo "usafiri", juu trezorie lazima aelewe pesa imepita wapi hata kama hakuna wa kuisainia. Kuna watu walinipigia simu usiku kuniambia niachane na mambo ya wanaume. Nilizima simu, usingizi ukanikimbia wiki nzima, halafu nikarudi kazini. Kama una presha usifanye kazi hii peke yako, tafuteni watatu, na simu ya klabu iwe namba ya kando, isiwe yako ya nyumbani.

Halafu ikaja 3 Oktoba 2024, ile boti ya abiria iliyotoka Minova ikapinduka mbele ya Kituku pale Goma, watu makumi wakafa wakiwa wanaona bandari kwa macho. Haikuwa boti yetu wala watu wetu lakini Jumapili iliyofuata hakuna aliyetaka kutoa tanga. Mpaka siku ile jile kwetu ilikuwa ya watoto, wanaume wazima walikuwa wanaikalia kama mto. Tuliandika kwenye statuti mpya: bila jile iliyofungwa mtu haingii kwenye boti, awe prezida, awe padri. Na tukafungua hangari Jumamosi asubuhi kwa vijana wa wavuvi wa kando yetu, bure, wajifunze kuogelea na watoto wetu. Watashangaa wasiokaa kando ya ziwa, lakini wengi wanaofanya kazi usiku kwenye mitumbwi hawajui kuogelea. Badala yake wao wakafundisha wetu kupita bila kukata nyavu, ugomvi wa nyavu uliotusumbua miaka mingi umepungua sana. Jile ukinunua, ifunge uivute juu kwa mabega: ikipanda mpaka masikioni ni kubwa, irudishe. Zile za bei ya chini ndani ni sponji inayokunywa maji, itie kwenye beseni usiku mmoja kabla hujaiamini.

Februari 2025 vita ikaingia mji tena, hali mnaijua wote, siirudii hapa. Kwa klabu ilimaanisha benki zimefungwa na pesa yetu ya kotizasio imebaki ndani, dosie ya Kinshasa imesimama, na boti zilikaa hangarini kwa muda. Kilichotusaidia ni kwamba kila karatasi ilikuwa imeshapigwa foto na kutumwa kwa membre watatu wanaokaa nje, mmoja Nairobi, mmoja Ubelgiji, mmoja Lubumbashi. Orijinali ya kontra haiko klabu wala haiko kwangu, iko kwa mjane, ameiomba mwenyewe, na sisi tunapita kumsalimu kila mwezi na sukari. Rejista imerudi kwa Mzee sentineli. Kuna aliyesema ni hatari kumwachia, nikamwuliza kati ya yeye na mzee nani ameshaibeba mpaka Walungu.

Sasa hivi watoto wanatoka tena Jumapili kama hewa iko nzuri. Optimist mbili zimetengenezwa, ya tatu inangoja tanga. Kuhusu baa, prezida amependekeza membre waendelee kunywa kwa deni mpaka benki zifunguliwe, tutapiga kura mkutano ujao, na mimi nimeshanakili ile katiba ya zamani ya wale wa Cork niwasomee kabla ya kura.